Baki ya Kugawa kwa 11: Hesabu Milangoni mwa Makontena ya Kwala



Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bandari Kavu ya Kwala. Yamesemwa mengi kuhusu reli, malori na msongamano wa bandari ya Dar es Salaam. Mimi nitasema juu ya namba.

Kila kontena linaloshushwa pale lina jina mlangoni: herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu ya mwisho iliyozungushiwa kisanduku. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena, husajiliwa na BIC, ofisi ya kimataifa ya makontena iliyoanzishwa Paris mwaka 1933; ya nne kwa kawaida ni U. Herufi tatu hupangika kwa njia 17,576, na kila mpangilio una nafasi ya namba milioni moja. Jumla ni majina 17,576,000,000. Ivunje namba hiyo hadi namba tasa: utapata 2 mara tisa, 5 mara sita na 13 mara tatu. 11 haimo. Lakini mlinzi wa majina yote hayo ni 11.

Tuchukue CSQU 305438, namba inayotumiwa sana kufundishia jinsi tarakimu ya kisandukuni inavyopatikana. A huhesabiwa 10, B 12, na kuendelea, tukiruka kila namba inayogawanyika kwa 11. Hivyo C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Alama ya kwanza izidishe kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, hadi ya kumi kwa 512. Jumla ni 6185. Gawa kwa 11, inabaki 3. Hiyo ndiyo iliyomo kisandukuni.

Kwa nini tuzidishe maradufu? Gawa vizidishi hivyo kwa 11, uangalie mabaki: 1, 2, 4, 8, 5, 10, 9, 7, 3, 6. Nafasi ni kumi, mabaki ni kumi, hakuna lililojirudia. Uzuri huu haujawahi kunichosha. Karani akichoka akaandika 45 badala ya 54, jumla inakuwa 6249, baki 1, na kosa linaonekana. Ukubwa wa kosa ni tofauti ya tarakimu mara tofauti ya vizidishi. Kwa kuwa 11 ni tasa, haiwezi kugawa zao lao bila kugawa mojawapo. Tungetumia 12, basi 3 mara 4 ingepita kimyakimya. Penye baki 10 huandikwa 0, na hapo ulinzi hulegea. Ndiyo maana inashauriwa namba za aina hiyo zisitumike.

Ila herufi ni 26, na mabaki yake ni kumi tu. Lazima zigongane. F na P zote hubakiza 5. G na Q zote hubakiza 6. Tena ndizo zinazofanana macho yanapokutana na rangi iliyochujuka kwa jua na chumvi ya bahari. Soma CSGU badala ya CSQU: jumla inashuka kwa 44 hadi 6141, na baki ni 3 ileile.