Mtoto Mtukutu na Vitu Vilivyonena
Mazungumzo juu ya mchezo wa kuimba wa Maurice Ravel, yaliyotolewa mbele ya wasikilizaji wa Riruta



Mmekwisha kuisikia santuri yenyewe tangu mwanzo hata mwisho, yapata robo tatu ya saa, na nyuso zenu zimenieleza mengi. Wako waliocheka paka walipoanza kulia. Wako waliokunja vipaji vya nyuso kana kwamba wameonja dawa. Na mzee mmoja wa Kawangware ameniuliza swali la haki kabisa, akasema: "Mwanangu, lugha hii hatuijui, na muziki huu si wa kwetu. Basi faida yake nini?" Swali hilo halifai kujibiwa kwa neno moja, wala halifai kupuuzwa. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu niseme kwanza habari za mchezo huu na watu walioutunga, kisha nirudi kwa mzee na jibu langu, naye atapima mwenyewe kama linatosha.

WATUNZI WAWILI

Mchezo huu huitwa kwa Kifaransa L'enfant et les sortilèges, yaani Mtoto na Mazingaombwe. Ni opera ya tendo moja. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao wachezaji wake huimba maneno yao badala ya kuyasema, na kundi kubwa la wapiga vyombo huwafuata kwa chini. Maneno yake yaliandikwa na mwanamke, Bibi Colette, aliyekuwa mmoja wa waandishi mashuhuri wa Ufaransa. Muziki ulitungwa na Maurice Ravel, aliyezaliwa mwaka 1875 katika mji mdogo wa Ciboure, kando ya bahari, karibu na mpaka wa Hispania. Baba yake alikuwa mhandisi. Ravel mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mwembamba, nadhifu sana, ambaye hakuoa wala hakupata mtoto. Lakini nyumba yake ya Montfort-l'Amaury ilijaa vichezeo vya mashine, saa na vitu vidogo vidogo, naye aliwapenda paka mno. Si ajabu basi kwamba alipotunga opera zake mbili, ile ya kwanza, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1911, aliiweka katika duka la fundi wa saa, na hii ya pili akaijaza viti, vikombe na paka.

Bibi Colette aliandika maneno haya wakati wa vita kuu ya kwanza, akimfikiria binti yake mdogo. Ravel alipotafutwa ili atunge muziki, alikuwa yuko vitani. Alikuwa ameomba kuwa rubani wa ndege akakataliwa, akawa dereva wa lori la jeshi karibu na Verdun mwaka 1916, mahali palipokufa watu wengi kupita kiasi. Nakala ya kwanza aliyopelekewa huko ilipotea njiani.

Tukumbuke kidogo hapo. Mwaka ule ule wa 1916, babu zetu wengi walikuwa katika safari za vita hiyo hiyo, wakibeba mizigo ya jeshi vichwani katika nchi iliyoitwa wakati ule Afrika Mashariki ya Wadachi, na wengi mno hawakurudi. Jina la Kariokor hapa Nairobi ni ukumbusho wa kikosi chao. Vita iliyompeleka Ravel Verdun ndiyo iliyowatoa babu zetu vijijini mwao.

Mwezi wa Januari mwaka 1917 mama yake Ravel alifariki, na watu waliomjua husema kwamba huzuni ile haikumtoka upesi. Kazi ya opera ilikwenda polepole sana, ikasimama, ikaanza tena. Hatimaye mchezo ulionyeshwa mara ya kwanza tarehe 21 Machi 1925 katika mji wa Monte Carlo. Ulipofika Paris mwaka 1926, wasikilizaji waligawanyika. Wengine walifurahi, na wengine walipiga kelele waliposikia paka. Kwa hiyo ndugu zangu mliokunja nyuso leo, jueni ya kuwa hamkuwa wa kwanza.

KISA CHENYEWE

Mtoto wa miaka kama sita au saba ameketi chumbani na kazi zake za shule. Hataki kusoma. Anataka kwenda kutembea, kumvuta paka mkia, kumkaripia kila mtu, na kumtia mama yake katika adhabu. Mama anaingia, naye jukwaani haonekani ila sketi yake tu, kwa kuwa vitu vyote vimefanywa vikubwa mno, ili nasi tuuone ulimwengu kwa kimo cha mtoto. Mama anaona hakuna herufi iliyoandikwa. Anamwachia chai bila sukari na mkate mkavu, anamwambia akae peke yake hata jioni, anaondoka.

Hapo mtoto anapandwa na hasira. Anavunja buli na kikombe. Anamchoma kindi aliye katika kizimba kwa ncha ya kalamu, naye kindi anakimbia nje. Anamvuta paka mkia. Anapindua birika juu ya moto, jivu linatimka. Anararua karatasi zilizopambwa ukutani, ambazo zina picha za wachunga kondoo. Anabembea juu ya chuma cha saa kubwa mpaka kinang'oka. Anachana vitabu. Kisha, amechoka, anataka kukaa katika kiti.

Kiti kinajikongoja, kinasogea mbali naye.

Ndipo vitu vinaanza kunena. Kiti hakitaki kukaliwa na mtoto huyu tena. Saa inalia kwa aibu, kwa kuwa haiwezi kuacha kugonga. Moto unaruka kutoka mekoni ukimwambia kuwa huwapa joto walio wema na kuwaunguza walio wabaya. Wachunga kondoo wa ukutani, walioraruliwa, wanaagana kwa huzuni, maana hawataonana tena. Binti mfalme anatoka katika kitabu kilichochanwa. Mtoto alimpenda, lakini sasa hawezi kujua mwisho wa hadithi yake, kwa sababu ukurasa umepotea. Anautafuta sakafuni, naye anapata kurasa za hesabu peke yake. Na humo anatoka kizee kidogo chenye tarakimu mwilini, kikiimba mahesabu yasiyotimia, mpaka mtoto anashikwa na kizunguzungu.

Kisha paka wawili wanamwongoza bustanini usiku. Huko mti unaugua kwa majeraha ya kisu alichoukata. Kereng'ende anamtafuta mwenzake, aliyechomwa pini akabandikwa ukutani. Popo anamlilia mkewe aliyepigwa kwa fimbo akafa, na watoto wamebaki kiotani bila mama. Wanyama wanakusanyika, wanamrukia ili wamwadhibu. Katika vurugu hiyo kindi mmoja mdogo anaumia mguu. Mtoto, ambaye naye amejeruhiwa, anavua utepe na kumfunga kindi jeraha. Wanyama wote wananyamaza.

USTADI WA SAUTI

Sasa nije kwa muziki. Ravel hakutaka kila kitu kiimbe kwa sauti moja. Kiti kizito kimepewa sauti nzito ya mwanamume. Moto umepewa sauti ya mwanamke iliyo juu kabisa, inayoruka kama cheche. Buli na kikombe wanaimba pamoja kwa mwendo wa foksitroti, dansi ile ile ambayo baba zetu na mama zetu waliicheza katika klabu za miji yetu zamani. Mtoto mwenyewe huimbwa na mwanamke, kwa kuwa kijana mdogo hana nguvu ya kuishinda okestra.

Na vyombo vyenyewe vina mambo. Pamoja na vinanda na tarumbeta, Ravel aliweka mashine ya kuvumisha upepo, filimbi yenye kijiti cha kusukumwa ndani, mjeledi, na hata kifaa cha jikoni cha kuparuzia jibini, ndugu yake mbuzi ya nazi ya watu wa pwani. Yule ambaye amewahi kumsikia utingo wa matatu ya 46 akipiga bati kwa kiganja ili dereva asimame, anajua kwamba kitu chochote kinaweza kuwa chombo cha muziki katika mkono wenye ujuzi.

Yapasa pia niseme bila kuficha: maneno ya kile kikombe si Kichina cha kweli. Ni sauti za kuigiza zilizobuniwa ili kuchekesha, na Mchina akizisikia ana haki ya kuuliza kwa nini lugha yake imefanyiwa mzaha. Sisi ambao lugha zetu zimeigizwa vivyo hivyo katika michezo ya watu wengine twaielewa haki hiyo. Kazi nzuri yaweza kuwa na doa, na msikilizaji mwenye akili huliona doa asiitupe nguo.

NENO LISILOTAKA MFASIRI

Kazi yangu ya kila siku ni kufasiri, kutoa maneno katika lugha moja na kuyatia katika nyingine. Kwa hiyo nimeusikiliza mchezo huu kwa sikio la mfasiri, na jambo lililonigusa kuliko yote liko mwishoni.

Mtoto amelala, damu inamtoka. Wanyama wamemzunguka, wamefadhaika. Wanataka kumsaidia lakini hawajui la kufanya. Hawana mikono ya kufunga jeraha. Ndipo wanakumbuka kwamba alipokuwa katika hofu alitamka neno fulani. Hawalijui maana yake. Wanajaribu kulisema, kwanza kwa woga na kwa makosa, mmoja mmoja, kisha pamoja, mpaka linatoka sawasawa. Taa inawaka katika dirisha la nyumba. Wanamsindikiza mtoto mpaka karibu na nyumba, na yeye ananyosha mikono na kulitamka neno lile kwa sauti mbili zinazoshuka polepole. Neno lenyewe ni Maman. Hapo mchezo unakwisha.

Katika maneno yote ya mchezo huu, hilo ndilo pekee ambalo hamkunihitaji. Mama wa Kibera aliyekaa mstari wa mbele alilitambua kabla sijafungua kinywa. Sithubutu kusema kwamba Ravel alimfikiria mama yake mwenyewe alipoandika sauti zile mbili. Nasema tu kwamba alizichagua chache sana, katika muziki wenye sauti elfu.

JIBU KWA MZEE

Sasa, mzee wangu, nalirudia swali lako. Faida yake nini?

Wahenga wetu walisema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi huitumia methali hiyo kama tishio. Mtoto akikaidi, tunamwambia: subiri, ulimwengu utakufunza. Mchezo huu unaonyesha methali hiyo hatua kwa hatua, kwa maana mtoto alikataa mafunzo ya mama, na ulimwengu wote, toka kiti hadi chura, ukaja kumfunza. Lakini mchezo unakwenda mbele kidogo kuliko sisi. Unatuonyesha kwamba ulimwengu unaweza kuadhibu, wala hauwezi kuponya. Ulipokwisha kumpiga mtoto, wenyewe ulishtuka, ukaanza kumtafuta mama yake. Katika mitaa yetu, ambamo watoto wengi hufunzwa na barabara kabla ya kufunzwa na nyumba, hilo ni jambo la kufikiriwa na kila mzazi na kila jirani.

Tena liko la vitu. Wengi wenu mmepita Dagoretti Corner na kuona mafundi wa Ngong Road wakichonga viti kando ya njia, mvua na jua. Fundi mmoja yuko hapa leo, naye aliniambia kwamba kile kiti kilipoanza kulalamika hakushangaa. Alishangaa kwamba kilichelewa. Kila kiti kina jasho la mtu ndani yake. Mtoto anayevunja kikombe havunji udongo tu. Anavunja siku ya kazi ya mtu asiyemjua.

Wala kisa chenyewe si kigeni. Bibi zetu walitusimulia usiku hadithi za sungura, fisi na chura waliosema kama watu, nasi hatukuuliza cheti cha kuzaliwa cha fisi yule. Kuhusu muziki, vyombo hivi vina miaka mingi katika mji wetu. Okestra ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1947, na tangu mwaka 2008 watoto wa Korogocho wamejifunza fidla na tarumbeta katika Ghetto Classics, kazi iliyoanzishwa na Bibi Elizabeth Njoroge. Mlango uko wazi. Kinachotakiwa ni masikio.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Msikilize mara ya pili, na safari hii msijali maneno. Tafuteni tu kila sauti ni ya nani: hii ni ya moto, hii ya chura, hii ya saa. Wachukueni watoto wenu pamoja nanyi, kwa maana wao watazitambua upesi kuliko sisi. Na mtakaporudi nyumbani, kabla ya kumwambia mtoto kwamba ulimwengu utamfunza, mwulizeni kwanza amesikia nini.

 Mzee, sasa zamu yako.