Likizo ya Aprili: Mtoto Asiende Peke Yake

Maneno kwa wazazi na walezi wa Kaunti ya Kilifi, shule zinapofunga muhula wa kwanza



Shule zikifungwa mwezi wa Aprili, watoto hubaki nyumbani wiki kadhaa. Mzazi huamka alfajiri akaenda shambani, sokoni, hotelini au baharini. Mtoto hubaki na chai yake ya asubuhi, wadogo zake, na siku nzima isiyo na kazi. Huo ndio wakati masika yanapoanza. Matimbo yaliyochimbwa mawe ya kujengea hujaa maji. Mito na vijito hupanda. Baharini kaskazi huwa imekwisha na kusi inaanza kuvuma, na maji yaliyokuwa matulivu mwezi wa Februari huanza kuchafuka.

Wazazi wengi husema hawana pesa za kutembeza watoto. Matembezi ni mambo ya watalii. Lakini mtoto hatembei kwa sababu mzazi ana pesa. Mtoto hutembea tu. Asipopelekwa ufuoni atakwenda mwenyewe na wenzake, na asiporuhusiwa kwenda ufuoni atakwenda timboni, mahali ambapo ukingo ni mkali, kina hakijulikani na hakuna mtu mzima anayepita. Kwa hiyo swali la likizo hii si kama mtoto atatoka nyumbani. Swali ni atatoka na nani.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kuhusu maji, funzo la ulimwengu mara nyingi huja mara moja tu.

Habari njema ni kwamba Kilifi haina haja ya kwenda mbali. Chukulia mzazi wa Malindi, Matsangoni au Watamu. Akipanda matatu na kushuka Gede, pale pale jirani ana mji wa kale, msitu na hori la bahari, na kila kimoja kinatosha siku nzima.

Mji wa kale wa Gede ulikaliwa kwa karne kadhaa na ukahamwa katika karne ya 17. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mtoto wa darasa la nne hahitaji kuelezwa habari za UNESCO. Aonyeshwe kaburi lenye mwaka wa Hijria 802, ambao ni 1399, ajihesabie mwenyewe ni miaka mingapi tangu hapo. Aonyeshwe visima, msikiti mkuu, kuta za mawe ya matumbawe, na vyoo vya watu wa zamani, maana watoto hupenda sana kuuliza habari za vyoo. Nyumba nyingine zimepewa majina kutokana na vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: ipo nyumba ya mkasi, ipo nyumba ya bakuli la kauri, ipo nyumba ya kijisanduku cha pembe za ndovu. Mtoto akizitafuta moja baada ya nyingine, atakuwa amesoma historia bila kujua kwamba anasoma. Chakula kifichwe vizuri tu, kwa sababu kima wa Gede hawana haya.

Jirani yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba karibu 420. Ndio msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo anaishi sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, ambaye katika dunia nzima hupatikana zaidi katika kipande hiki cha nchi. Wapo watalii wanaosafiri maelfu ya kilomita kumtafuta, na wapo watoto wanaoishi kando ya msitu huo ambao hawajawahi kusikia jina lake. Msitu una ndovu pia, kwa hiyo familia iingie kupitia lango rasmi na kufuatana na mwongoza wageni, isikate njia yake yenyewe.

Papo hapo Gede upo mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakaazi wa kando ya msitu hufuga viwavi, na vinapogeuka kuwa pupa huuzwa kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Mtoto akiona hivyo anaelewa kwa macho yake kwamba mti uliosimama nao huleta unga nyumbani. Hilo ni somo ambalo hakuna bango linaloweza kulifundisha vizuri zaidi.

Upande wa bahari kuna hori la Mida na mikoko yake. Ipo njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege, na ada inayolipwa hapo husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani. Mwanzoni mwa Aprili ndege wengi wa ufuoni wanajiandaa kuondoka. Wamekula na kunenepa miezi yote ya kaskazi, na sasa wanarudi kaskazini, hadi Ulaya na Asia, ambako baridi inakwisha na wakati wa kutaga mayai umefika. Mzazi anayetaka watoto wawaone asingoje mwisho wa likizo. Maji yanapoanza kujaa, ndege husogea karibu na kibanda. Wakati huo hata mtoto asiye na darubini huwaona vizuri.

Wakaazi wa sehemu nyingine za kaunti nao wana vyao. Mtwapa wana Jumba la Mtwana, mji wa kale ulio ukingoni mwa bahari. Mjini Kilifi kuna magofu ya Mnarani. Rabai wana makumbusho ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1846. Magarini wana Marafa, bonde la udongo wa rangi nyingi liitwalo Nyari. Lakini mvua ikinyesha kingo zake huteleza na kumomonyoka, basi siku hiyo litazamwe kwa mbali, na mtoto asishuke. Kaya za Wamijikenda si mahali pa pikiniki. Anayetaka kuonyesha watoto kaya aende kwanza kwa wazee wake, aombe ruhusa na kufuata masharti.

Sasa gharama. Mkaazi hulipa ada ndogo kuliko mgeni wa kutoka nje, na mtoto hulipa pungufu ya mtu mzima. Viwango hubadilika, na sehemu nyingi hulipiwa kwa simu, kwa hiyo mzazi aulize kabla ya kutoka nyumbani ili asije akarudishwa langoni na watoto wakilia. Chakula kitoke nyumbani: mahamri na mbaazi, mihogo ya kuchemsha, machungwa, na maji ya kunywa ya kutosha kila mmoja. Mfuko mmoja uwe wa taka, urudi nao nyumbani. Familia mbili au tatu za mtaa mmoja zikishirikiana, nauli hugawanywa na macho ya kuangalia watoto huongezeka. Na mwezi ambao hata nauli haipo, kutembea kwa miguu hadi ufuoni asubuhi, kabla jua halijawa kali, pia ni matembezi.

Lakini anayewapeleka watoto baharini ni lazima ajue maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake huchelewa kila siku kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo saa iliyokuwa salama Jumapili iliyopita si lazima iwe salama Jumapili hii. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua. Hapo maji hupwa mbali sana, kisha hurudi kwa nguvu, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mtoto anayetembea juu ya miamba akitafuta viti vya pweza huona mbele yake pakavu. Haoni kwamba nyuma yake, kati ya mwamba na ufuo, maji yameanza kujaa. Kanuni ni rahisi: mtu aende mwambani maji yakiwa yanakupwa, na arudi kabla hayajageuka. Asiyejua saa amuulize mvuvi. Hakuna mvuvi atakayemcheka mzazi kwa swali hilo.

Zipo kanuni nyingine chache za kushika. Kila kundi la watoto liwe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama tu: hapigi picha, hazungumzi na simu, hanywi pombe. Baada ya saa moja apokewe na mwingine. Mtoto asiyejua kuogelea asiingie zaidi ya magoti, na mtu mzima awe karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono. Wengi huzama kimyakimya, bila kupiga kelele, na ndiyo maana kusikiliza tu hakutoshi. Mtoto asipande mashua bila koti la kuokolea maisha linalomtosha. Anayezama atupiwe kamba, dumu tupu au tawi; asiyejua kuogelea asimrukie, maana watazama wawili. Nambari za dharura ni 999 na 112, na kila mtoto anayeweza kutumia simu azijue.

Katika Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuokota kombe wala matumbawe. Mtoto aelezwe sababu: kombe tupu la leo ni nyumba ya kaa wa kesho. Mwache amguse kaa kwa macho.

Wakati wa kurudi nyumbani, mzazi awaulize watoto swali moja tu: umeona nini ambacho hukuwa unakijua? Wa kwanza atasema kima aliyeiba hamri. Wa pili atataja kaburi. Mdogo pengine atasema ameona baba akicheka. Majibu yote ni sahihi.

Mwishowe, kila mtaa uyatazame matimbo yake wiki hii, kabla mvua haijashika. Mwenye timbo alizungushie ua au aweke miiba. Wazee wa mtaa na machifu wajulishwe pale ambapo hakuna mwenyewe. Na kila mzazi apange siku moja, moja tu katika likizo nzima, iandikwe na watoto waambiwe mapema. Mtoto aliyeahidiwa kupelekwa Jumamosi na mamake ana sababu ya kungoja Jumatano wenzake wanapomwita timboni.