Amefunga Mwezi Mzima: Je, Amepona?

Nakala ya muhadhara uliotolewa baada ya sala ya tarawehe, katika kumi la mwisho la Ramadhani, mbele ya wanajumuiya wanaoishi Uingereza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. 

Usiku wa leo tulikuwa tumeahidi kuzungumza juu ya zakatul fitri. Darsa hiyo tutaiweka hadi kesho, inshaallah, na yule aliyetuuliza kuhusu kiasi cha mchele atuvumilie. Sababu ni kijikaratasi kilicholetwa juzi kutoka upande wa akina mama, hakina jina, kimekunjwa mara nne. Aliyekiandika anasema kwamba mwanawe alikuwa akitumia unga kwa muda wa miaka mitatu. Tangu mwezi ulipoandama hajagusa kitu. Anafunga, anaamka kula daku, na usiku anasimama pamoja nasi katika safu. Anauliza mambo mawili: je, mwanangu amepona? Na siku ya Idi nifanye nini? Ametuomba tumjibu hadharani, kwa kuwa anaamini kwamba hayuko peke yake katika chumba hiki. Nasi tunaamini hivyo.

Mama yetu, swali lako la kwanza tunalijibu kwa ukweli: bado hajapona, ijapokuwa alilolifanya ni jambo kubwa, na wengi kati yetu tusingeliweza. Swali la pili ndilo lililotufanya tuiahirishe darsa ya zakatul fitri, kwa sababu kwa kijana kama huyu Idi ni siku ya hatari kuliko siku yoyote ya mwaka.

Tueleze ni kwa nini. Mwili unaopokea unga kila siku hujizoesha. Kiasi kilichomlevya mtu mwaka wa kwanza hakimlevyi mwaka wa tatu, naye huongeza. Akiacha, mazoea yale hupungua upesi, kwa siku na wiki, si kwa miaka. Baada ya siku thelathini mwili wake umekaribia kuwa mgeni tena. Lakini kumbukumbu yake haikusahau kiasi alichokuwa akitumia, wala mkono wake, wala yule anayemuuzia. Akirejea mara moja tu, usiku wa kuamkia Idi au siku ya pili yake, kwa kiasi kilekile cha mwezi wa Shaabani, unga huo huukandamiza ubongo mahali panapoamrisha kupumua. Pumzi hupungua, kisha hukatika. Haihitaji awe na nia mbaya. Yatosha kwamba alifunga vizuri na hakuna aliyemwambia.

Tunalisema hili kwa uchungu. Miaka michache iliyopita, katika mji huu, tulimpoteza kijana siku ya tatu ya Idi. Tulimzika siku tisa baadaye. Mwili ulichelewa kwa sababu ofisa wa serikali anayechunguza vifo vya ghafla alitaka kujua sababu, na watu walipouliza mbona maziko yanacheleweshwa, sisi viongozi tuliwajibu kwamba ni mambo ya makaratasi. Walipouliza alikufa kwa nini, tulisema moyo ulisimama. Si uongo, maana hakuna maiti ambaye moyo wake haukusimama. Lakini tulijua, na waliomwosha walijua. Alikuwa amefunga mwezi mzima na alihudhuria tarawehe karibu zote. Tulifurahi kumwona, tukampa mkono, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekaa naye akamuuliza: baada ya Idi utakuwa na nani? Tulidhani kuificha habari ile ni kuisitiri familia. Katika mikesha ile ya matanga walikuwamo vijana wengine wawili watatu waliokuwa katika hali ileile, nao wakatoka bila kuonywa.

Kusitiri ni amri ya dini yetu, na hatuwaambii mwende mkatangaze aibu za watu. Ila kusitiri ni kuufunika uchi wa ndugu yako usionekane na watu, na wewe mwenyewe ukabaki hapo karibu naye. Sisi tulimfunika tukaondoka.

Tuirejee sira. Katika Sahihi ya Imamu Bukhari imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) habari ya mtu mmoja jina lake Abdullah, ambaye watu walimpa lakabu ya Himar, yaani punda. Alikuwa mcheshi, akimchekesha Mtume (S.A.W.). Na alikuwa mlevi. Aliwahi kupigwa kwa ajili ya pombe, akarudia, akaletwa tena. Siku moja alipoletwa, mtu mmoja miongoni mwa waliohudhuria akamlaani, akilalamika kwamba haachi kuletwa. Mtume akakataza kulaaniwa kwake, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Tazameni pande mbili za kisa hiki. Hukumu ya sheria haikufutwa. Pombe haikuwa halali kwake kwa sababu ya ucheshi wake. Lakini hakutolewa katika jamaa, na mapenzi yake kwa Mola wake hayakukanushwa kwa sababu ya kosa alilolirudia mara nyingi. Sisi leo huwaita vijana wetu mateja hata kabla hatujawauliza majina ya baba zao.

Na tukumbuke vipi pombe yenyewe ilivyoharamishwa. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, ilielezwa kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 43, waumini walikatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa. Mwenye kusali sala tano, hasa kuanzia adhuhuri hadi isha, alijikuta hana nafasi ya kulewa mchana, akabakiwa na saa za usiku. Kisha zikaja aya za 90 na 91 za Suratul Maida, na mlango ukafungwa kabisa. Hatusemi kwamba leo mtu aruhusiwe haramu kidogo kidogo. Sheria imekwisha kamilika. Tunachosema ni kwamba Mola aliyetuumba aliwatoa Masahaba katika mazoea hayo kwa muda wa miaka, nao walikuwa na Mtume kati yao. Basi tusimhesabu kijana kuwa mnafiki kwa kuwa siku thelathini hazikumtosha.

Hapa tuweke onyo kwa ajili ya wenye pombe, maana nao wamo, na wengine ni watu wazima kama sisi. Mtu aliyezoea kunywa kwa wingi kila siku, akiacha ghafla usiku wa kwanza wa Ramadhani, anaweza kupata kifafa na kuweweseka, na anaweza kufa. Kutetemeka kwake kusichukuliwe kuwa ni pepo anayetoka. Huyo ni mgonjwa wa hospitali, aachishwe chini ya uangalizi wa daktari, na mgonjwa ana ruhusa yake ya kutofunga katika aya za 184 na 185 za Suratul Baqara. Vivyo hivyo anayetumia methadoni. Dawa inayomezwa mchana hufunguza saumu, hilo linajulikana. Lakini asiiache kwa kuona haya. Azungumze na kituo chake na mfamasia mapema, kabla ya Ramadhani, kuhusu uwezekano wa kuinywa baada ya kufuturu. Ikishindikana, ni mgonjwa anayetibiwa, na tusimtazame kwa jicho baya tukimwona akinywa maji mchana.

Kuhusu mirungi hatutarefusha. Tangu tarehe 24 Juni 2014 imepigwa marufuku katika nchi hii, na wazee waliokuwa wakitutetea kwamba ni majani tu wamebakiwa na hoja chache.

Jambo jingine ambalo mama huyu hakuliuliza, lakini tunalijua linazungumzwa majumbani: tiketi. Kijana akiharibika, wazee hushauriana apelekwe Unguja au Mombasa kwa bibi yake akanyooke. Mara nyingine huambiwa kuna harusi ya binamu, na akishafika huchukuliwa pasi yake. Ndugu zetu, unga unaotoka Afghanistan umekuwa ukipita pwani ya Makran na kuingia kwa majahazi katika pwani yetu kwa miongo kadhaa. Unguja, Mombasa, Malindi, Tanga na Dar es Salaam wanaujua tangu miaka ya 1980. Tunamtoa mtoto kisimani tunamtia baharini, tena bila marafiki, bila kazi, na akiwa na hasira ya kudanganywa.

Hata hivyo, nyumbani kuna jambo tunalopaswa kulionea wivu. Zimeanzishwa nyumba za upataji nafuu, wenyewe huziita soba, na nyingi huendeshwa na watu waliowahi kutumia wakaacha. Wanamjua mwongo kwa sababu waliwahi kusema uongo uleule. Na serikali zetu hazikubaki nyuma: mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na baadaye huduma hiyo ikafika Zanzibar, pale Kidongo Chekundu, na Kenya, Malindi na Mombasa. Basi kama kijana mwenyewe amekubali, na anapokwenda panajulikana, safari yaweza kuwa na heri. Ila siku atakaposhuka Heathrow baada ya miezi sita ya usafi, yumo katika hatari ileile tuliyoieleza ya siku ya Idi, na anayekwenda kumpokea alijue hilo.

Sasa tuseme la kufanya. Kuna dawa inayoitwa naloksoni. Hupatikana kama ya kupuliza puani au ya kudunga sindano. Huondoa kwa muda athari ya unga na vya jamii yake katika ubongo, na mtu huanza kupumua tena. Ukimpa mtu ambaye hakutumia unga, haimdhuru. Vituo vya matibabu ya uraibu nchini humu huitoa bure, pamoja na mafunzo mafupi, hata kwa mzazi au ndugu. Huhitaji barua ya daktari ili kuanza kuzungumza nao. Wewe au kijana wako mwaweza kupiga simu wenyewe, na mazungumzo yenu ni siri. Siku hizi haja yake imezidi, kwa sababu ndani ya unga na vidonge bandia vya usingizi vimekuwa vikichanganywa vitu vya maabara viitwavyo nitazini, vikali kuliko unga wenyewe, na mnunuzi hana njia ya kuvitambua kwa macho.

Dalili mzijue. Anakoroma mkoromo wa kukwama, au kimya kimya anavuta pumzi moja kwa muda mrefu. Mboni za macho ni ndogo kama kichwa cha pini. Midomo na kucha zinageuka rangi. Kwa ngozi zetu tazameni ndani ya midomo na kwenye ufizi. Ukimwita kwa jina na kumtikisa bega haitikii. Wengi waliokufa walisikiwa wakikoroma chumba cha pili, na mama akasema, mwacheni alale, kachoka. Hiyo si hali ya kulala. Piga 999, mpulizie dawa, mlaze kwa ubavu, na ukae naye. Anaweza kuhitaji kipimo cha pili, na hata akiamka asiachwe, maana dawa huisha nguvu wakati unga bado umo mwilini. Wala mtu asiulize kama puliza hiyo inafunguza saumu. Katika Suratul Maida, aya ya 32, anayehuisha nafsi moja amefananishwa na aliyewahuisha watu wote. Saumu ya siku moja hulipwa.

Mama yetu, tukurudie wewe. Zungumza na mwanao kabla ya Idi, si siku yenyewe wageni wakiwa sebuleni. Usimwapishe Msahafu, akiapa na akashindwa, atakukimbia wewe na Msahafu pamoja. Mwambie wazi hilo la mwili kusahau mazoea, kwa maneno hayahaya, hata akisema anajua. Mwambie kwamba akiteleza akupigie simu saa yoyote, na kwamba utakwenda kwanza na maneno baadaye. Usimpe fedha taslimu ya Idi. Mnunulie kanzu, viatu, chochote, lakini bahasha zile ambazo wajomba humtilia mkononi mlangoni mwa msikiti ndizo tunazoziogopa, na wajomba waliomo humu wametusikia. Na baada ya sala ya Idi asibaki na saa tupu.

Hapo ndipo jumuiya inapoingia, na safari hii hatutaki kusema tena kwamba moyo ulisimama. Kwenye jiko la chakula cha Idi tunahitaji mikono ya kupakua na kuosha masufuria kuanzia asubuhi hadi magharibi, kwa siku tatu. Tunahitaji dereva wa kuwachukua wazee wasioweza kupanda basi. Mlete, au mwambie aje mwenyewe; hatutamuuliza mbele za watu ametoka wapi. Ndugu wawili wa jumuiya wamekwisha pata mafunzo ya naloksoni na dawa iko katika kabati la ofisi, karibu na sanduku la huduma ya kwanza. Watakaa chumba cha vitabu kila usiku baada ya witri hadi mwezi uandame, na kila Ijumaa baada ya Isha katika Shawwal yote. Mlango wa nyuma utakuwa wazi kwa asiyetaka kupita ukumbini.

Na aliyeuliza kiasi cha mchele, tukutane kesho inshaallah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.