Matengenezo ya Land Cruiser Kuukuu kwa Ajili ya Kuvuta Tela na Safari za Mbali



Mada niliyokabidhiwa katika semina hii yahusu kazi ifanywayo kila siku katika gereji za Arusha na Moshi, na za Nairobi na Mombasa pia, nayo ni kulichukua gari la zamani livutalo kwa magurudumu yote manne, aghalabu Toyota Land Cruiser ya namba 70, na kulibadili ili liweze kubeba wageni au jamaa kwa safari ya siku nyingi, na nyuma yake livute tela la mahema, maji, mafuta na vyakula. Gari hilo lilitolewa na kiwanda kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 1984, na yale yenye injini ya 1HZ, ambayo ni dizeli ya silinda sita katika mstari mmoja na ujazo wa lita 4.2, yalianza mwaka 1990. Basi mengi ya magari tunayoyazungumzia yamekwisha pita katika mikono ya wenyewe wengi na mafundi wengi zaidi, na kila fundi ameacha humo alama yake, njema au mbaya.

Neno langu kubwa ni kwamba matengenezo haya yana tartibu, na tartibu hiyo ni kinyume cha ile tuliyoizoea. Mwenye gari huja gerejini akitaka kwanza nguvu, yaani turbo, kisha matairi makubwa na springi ndefu za kuliinua gari. Breki huzikumbuka mwisho, fedha zikiwa zimekwisha. Mimi nashikilia kwamba aanze na kusimama, afuatishe kubeba, kisha kupoza, na nguvu iwe ndiyo ya mwisho kununuliwa, maana gari zima ni mapatano baina ya viungo vyake, na mtu akivunja sharti moja la mapatano hayo pasi na kuyatazama mengine, hujikuta ameuhamisha uzito au joto kutoka mahali palipokuwa pamekadiriwa kuustahimili hadi mahali ambapo hapakukadiriwa kabisa.

Kabla ya kuongeza chochote, gari lirudishwe kwanza katika hali yake ya asili. Busha zote zilizokauka zibadilishwe, beringi za magurudumu zifunguliwe na kupakwa grisi mpya, mikono ya usukani ikaguliwe kama ina mchezo, nozeli zipimwe, na mkanda wa taimingi, ambao katika 1HZ hutakiwa kubadilishwa kila baada ya kiasi cha kilomita 100,000, ubadilishwe hata kama muuzaji ameapa kwamba ni mpya. Gari lisilonyooka likiwa tupu halitanyooka likiwa na tela.

Sasa niingie katika breki, na hapa naomba wasaa kidogo. Katika Land Cruiser nyingi za zamani, hasa zile za mizigo, kuna kifaa ambacho nimewakuta madereva wa miaka mingi hawakijui. Ukilala chini ya gari upande wa nyuma utaiona fimbo nyembamba ya chuma, ambayo mwisho wake mmoja umefungwa kwenye nyumba ya ekseli, na mwingine umeshika vali iliyofungwa kwenye chasisi. Kazi yake ni kupima umbali baina ya chasisi na ekseli. Gari likiwa tupu, chasisi iko juu, na vali hupunguza msukumo wa mafuta ya breki uendao magurudumu ya nyuma, yasije yakajifunga na kuteleza. Gari likipakiwa, springi zikalala na chasisi ikashuka, fimbo huisukuma vali nayo ikaachia msukumo zaidi, kwa kuwa magurudumu ya nyuma sasa yana uzito wa kuyashikisha ardhini. Huo ni uhodari wa wahandisi waliofikiri kabla yetu.

Tazameni basi linalotukia pale fundi anapofunga springi mpya zilizoinua gari kwa sentimita tano, fimbo ile akaiacha kama ilivyokuwa. Tangu siku hiyo vali huambiwa kila mara kwamba gari ni tupu, hata likiwa na abiria saba, mapipa ya maji na tela nyuma. Breki za nyuma hufanya kazi nusu, na breki za mbele hubeba yote, na dereva hana habari, kwa sababu katika barabara tambarare za mjini gari husimama vizuri. Habari huzipata akiteremka kutoka ukingo wa Ngorongoro, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, kupita Karatu hadi Mto wa Mbu ambako ni chini ya mita 1,000, au akishuka Kitonga katika njia ya Iringa: pedi za mbele huanza kunuka, kanyagio hulegea chini ya mguu, na tela linaendelea kusukuma. Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu cha maana, nayo ni kukihamisha kishikio cha fimbo kwa kadiri ile ile gari lilivyoinuliwa, kisha kulijaribu gari likiwa tupu na likiwa limejaa. Wako mafundi wanaoing'oa fimbo na kuifunga vali ikae wazi daima, wakidhani wametatua. Hao nawasihi waache, kwani gari tupu katika udongo wenye unyevu litajifunga magurudumu ya nyuma kwanza, na lenye kujifunga nyuma kwanza hugeuka likatazama lilikotoka.

Tela nalo liwe na breki zake. Huko Australia, ambako magari haya haya huvuta nyumba za magurudumu kwa maelfu ya kilomita, tela likizidi kilo 750 sheria hailiruhusu kukosa breki, na likizidi kilo 2,000 ni sharti kila gurudumu lake liwe na breki, pamoja na kifaa cha kuzifunga zenyewe iwapo tela litakatika kutoka garini. Sioni sababu ya sisi, wenye miteremko mirefu, kuridhika na pungufu ya hayo. Breki za msukumo, ambazo hushika kwa tela kulisukuma gari, zafaa kwa mizigo ya kadiri. Za umeme ni bora kwa mizigo mikubwa, kwa kuwa dereva aweza kuzikamata zenyewe tu kutoka kwenye kiti chake, na tela lililoanza kuyumba likavutwa nyuma na kunyooka. Ajuaye hatari ya kuyumba huko hataiona bei yake kuwa kubwa.

Nije katika uzito. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela ikalie ndoano, kwani tela lenye kichwa chepesi huyumba. Tela la kilo 1,500, basi, litaweka kilo 150 juu ya ndoano. Wengi huziongeza kilo hizo 150 katika hisabu ya ekseli ya nyuma wakaona wamemaliza, lakini ndoano haiko juu ya ekseli. Land Cruiser ya zamani ya namba 75 ina kiasi cha mita 2.98 baina ya ekseli mbili; tukichukulia kwamba ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo hubeba kilo 210, na ekseli ya mbele hupungukiwa na kilo 60. Kilo hizo 60 zimetoka pale pale penye usukani na penye breki zenye nguvu kuliko zote. Zaidi ya hayo, lita 180 za dizeli ni kilo 150 hivi, na kila lita ya maji ni kilo moja, na hema la juu ya kariya liko mahali pabaya kuliko pote kwa gari lenye kimo. Kwa hiyo nashauri gari lipelekwe kwenye mizani likiwa na kila kitu ndani, tela likiwa limefungwa, abiria wakiwa wameketi, likapimwe kila ekseli mbali, na hesabu hizo zilinganishwe na kibao cha kiwanda, si na maneno ya dereva mwenzetu.

Springi zichaguliwe kwa uzito ule uliopimwa. Majani mengi ya springi katika gari linalotembea nusu ya mwaka likiwa tupu hulifanya gari lirukeruke, na mruko huo huishia kwenye chasisi. Katika njia ya Naabi, ambako vumbi limejipanga matuta madogo madogo mfano wa bati la kuezekea, kinachoumia kwanza ni shokapu, kwani mafuta yake huchemka kwa kupanda na kushuka pasipo kupumzika. Nunueni shokapu nene zenye mafuta mengi kabla ya kununua springi ndefu. Na hapo hapo punguzeni upepo wa matairi kidogo na mwendo pamoja nao, kwa sababu tairi lenye upepo pungufu likienda kasi hupata joto hadi likapasuka.

Lipo jambo la chasisi, ambalo Arusha imejipatia jina kwalo. Gari hukatwa katikati, chasisi ikarefushwa, mlango ukaongezwa na paa likafanywa la kuinuka ili wageni waone wanyama, na mafundi wetu wameifanya kazi hii kwa ustadi ambao wageni wengi huja kuuona na kuustaajabia. Lakini gari lililorefushwa kwa ajili ya abiria halikurefushwa kwa ajili ya tela. Nimeziona chasisi zilizopasuka, na mara nyingi ufa ulifuata mstari wa kuchomea, pale ambapo bamba la kuongezea lilikatwa wima na kuchomewa kutoka juu hadi chini. Chuma kilicho kando ya mchomo hubadilika tabia kwa moto, na mstari wima hukusanya mkunjo wote mahali pamoja. Bamba likatwe kwa ncha ya mshazari, mchomo usivuke ukingo wa juu wala wa chini wa chasisi, na kabla ya kuwasha mashine nyaya za betri zifunguliwe. Gari lililorefushwa na fundi asiyejulikana lisifungwe ndoano mpaka lioshwe, liangaziwe taa na kukaguliwa mchomo kwa mchomo.

Hewa ya difu na giaboksi ni jambo fupi lakini lisisahauliwe. Difu iliyopata moto kwa kuvuta ikiingia ghafla katika maji ya mto, hewa iliyomo ndani husinyaa, ikavuta maji kupitia sili; mpira mwembamba wa kupumulia uliopandishwa hadi kwenye chumba cha injini huzuia hasara hiyo yote. Vivyo hivyo bomba la hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa huipa injini hewa yenye vumbi kidogo, na hiyo ndiyo faida yake ya kila siku, kuliko kuvuka mito.

Kuhusu kupoza, rejeta itolewe na kusafishwa ndani na nje, na feni ikaguliwe ile klachi yake yenye mafuta, ambayo ikichoka feni huzunguka kivivu ilhali injini inaungua. Mshale wa joto katika magari mengi ya jinsi hii ulitengenezwa usitikisike ovyo, hivyo hukaa katikati kwa muda mrefu, na unapoanza kupanda maji yamekwisha kuwa hatarini. Fungeni kipimo kinachoonyesha nyuzi kwa tarakimu, na kingine cha kupiga kelele maji yakipungua. Dereva naye aijue injini yake: 1HZ hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha kwenye mizunguko 2,200 hivi kwa dakika, basi mlimani ashuke gia mapema ili injini ikae hapo, badala ya kuilazimisha katika gia kubwa hadi ikatetemeka.

Baada ya yote hayo ndipo tuzungumze habari ya nguvu. Haja yake siikanushi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi yake tu, na hewa ya ukingo wa Ngorongoro ni hafifu kuliko ya Tanga kwa kiasi cha moja ya tano, kwa hiyo tela lililopanda milima ya Usambara kwa utulivu hushindana na gari huko juu. Lakini 1HZ haikuzaliwa na turbo. Hubana hewa mara 22 na zaidi, ilhali ndugu yake 1HD-T, iliyotoka kiwandani ikiwa na turbo, hubana mara 18 na nusu tu. Tena dizeli ya 1HZ huwaka kwanza katika kijumba kidogo ndani ya silinda hedi, na hapo ndipo hedi hupasuka kwa joto la kupita kiasi. Atakaye turbo aiweke ya msukumo mdogo, pampu ya dizeli ipimwe na fundi wa pampu na si kwa kutazama moshi, na kipimo cha joto la moshi kifungwe mbele ya macho ya dereva siku ile ile, si baadaye. Mimi nisingependa kuona mshale huo ukipita nyuzi 700 za sentigredi, moshi ukipimwa kabla haujaingia kwenye turbo. Ukikaribia hapo, dereva aondoe mguu na kushuka gia, hata kama lori lililo nyuma linapiga honi.

Pendekezo langu mbele ya semina hii ni kwamba kila gereji ifanyayo kazi hizi ilipe gari daftari lake. Humo iandikwe springi zilizofungwa na uzito ziliokusudiwa, kimo ambacho gari limeinuliwa na kama fimbo ya breki ilirekebishwa, mahali palipochomewa katika chasisi, msukumo wa turbo, uzito wa kila ekseli kwenye mizani, na uzito wa tela ambao haupasi kuzidishwa. Daftari likae garini pamoja na kadi ya gari, na gari likiuzwa lifuatane nalo, ili dereva atakayekabidhiwa ufunguo miaka kumi baadaye ajue ni nini alichopewa kuendesha.