Neno Moja, Migawanyo Miwili



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kutafsiri barua za biashara za Kihispania. Nimechagua neno moja tu: pagábamos, yaani "tulikuwa tukilipa".

Neno hili hugawanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya silabi: pa-gá-ba-mos. Konsonanti moja ikiwa kati ya irabu mbili, huandamana na irabu inayoifuata. Hivyo ndivyo tunavyotamka, na ndivyo neno linavyokatwa mwisho wa mstari. Njia ya pili ni ya maana: pag-á-ba-mos. Pag- ni mzizi wa kulipa. -A- ni irabu ya kundi la kitenzi. -Ba- ni jambo lililokuwa likiendelea zamani. -Mos ni sisi.

Msishangae, kwani Kiswahili hufanya vivyo hivyo. Tulilipa kwa silabi ni tu-li-li-pa; kwa maana ni tu-li-lip-a. Ile li ya kwanza ni wakati, ya pili imo katika mzizi. Tofauti ni kwamba sisi humtaja mtenda mwanzoni, Mhispania humtaja mwishoni. Asomaye upesi na kuuacha mwisho wa neno humpoteza mtenda.

Na hapo ndipo penye hatari. Pago ni "ninalipa". Pagó, mkazo ukiwa mwishoni, ni "alilipa". Silabi ni mbili kote, herufi ni zile zile. Alama ndogo juu ya o imebadili mtu na wakati. Katika barua ya deni, mteja wangu hutaka kujua jambo moja tu: nani analipa, na je, amekwisha kulipa? Jibu limo katika alama hiyo. Ikirukwa, mwenye deni hugeuka kuwa mtu mwingine.

Ndugu wanafunzi, kukariri orodha za maneno hakutoshi. Lugha yoyote mnayofundishwa hapa, mpatapo kitenzi kigeni kigawanyeni mara mbili: kwanza mkitamke, kisha mjue kila kipande kina kazi gani. Muda wake ni dakika moja, na faida yake ni ya maisha.