Mazungumzo ya 17: Ajali ya Baiskeli Ina Kinga

Ukiwa na kazi mkononi, endelea nayo. Sisi tunaomba masikio yako tu.

Leo tunazungumza juu ya baiskeli. Pengine unauliza, baiskeli na afya vinahusiana vipi? Vinahusiana sana. Katika nyumba nyingi za Nyanza, Magharibi, Mwea na Pwani, baiskeli ndiyo gari la familia. Inabeba mtungi wa maji, inabeba mahindi ya kusaga, na usiku inabeba mgonjwa. Hata neno boda boda lilianza na baiskeli kule mpakani Busia, miaka mingi kabla ya pikipiki kujaa barabarani. Mtoto anayejua baiskeli hufika shule mapema na miguu yake hupata nguvu. Kwa hivyo hatusemi mtoto akatazwe baiskeli. Tunasema afundishwe.

Tunasema hivyo kwa sababu Shirika la Afya Duniani linatueleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ugonjwa wowote ule. Na sisi tumezoea kusema, "ajali haina kinga." Mama, leo tuuweke kando msemo huo. Ajali nyingi za baiskeli zina kinga, na kinga yenyewe huanzia nyumbani kwako.

Mtoto hujifunza vipi?

Tazama vile watoto wetu wanavyojifunza. Baba amelala baada ya chakula cha mchana. Mtoto anachukua ile baiskeli kubwa kimya kimya. Kiti hakifikii, kwa hivyo anapitisha mguu chini ya chuma cha katikati na kuendesha akiwa amejipinda. Wenzake wanamsukuma kwenye mteremko. Baiskeli inashika kasi, na hapo ndipo anapokumbuka kwamba hakuna aliyemwonyesha breki. Atasimamishwa na ua, mti, au gari.

Unaona kosa liko wapi? Amejifunza kwenda, hajajifunza kusimama. Shika neno hili moja hata kama utasahau mengine yote: mtoto afundishwe kusimama kabla ya kufundishwa kwenda.

Sasa tufuate hatua. Hatua hizi zinamfaa mtoto, na zinakufaa wewe mama pia. Wengi wetu hatukujifunza kwa sababu tuliambiwa baiskeli si ya wasichana. Hujachelewa. Jifunze pamoja na mtoto wako.

Hatua ya kwanza: tafuta baiskeli inayomtosha. Akiketi kitini, nyayo zote mbili ziguse chini. Kama ya nyumbani ni kubwa, majirani watatu au wanne wanaweza kuchanga na kununua moja ndogo ya mitumba. Au mkodishe kwa saa, pale sokoni zinapokodishwa.

Hatua ya pili: tafuta mahali. Uwanja wa shule siku ya Jumamosi unafaa. Uwe tambarare, wenye nyasi fupi, mbali na barabara na mto.

Hatua ya tatu: toa pedali zote mbili. Ndiyo, zitoe. Fundi atakufungulia kwa dakika chache. Ukifungua mwenyewe, kumbuka pedali ya kulia hufunguka kama nati ya kawaida, lakini ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa upande wa pili. Wengi huiharibu kwa kuilazimisha. Bila pedali, mtoto anaketi na kujisukuma kwa miguu kama anayetembea. Akiogopa, anaweka miguu chini. Taratibu atanyanyua miguu na kuteleza hatua tatu, kisha kumi. Hapo mwili wake unajifunza kujisawazisha, na hilo ndilo somo gumu kuliko yote.

Hatua ya nne: breki. Pedali bado hazijarudi. Kwanza mjaribu pamoja mkono upi unashika gurudumu la mbele na upi la nyuma, maana baiskeli hazifanani. Mfundishe kushika zote mbili polepole, kwa pamoja. Akibana ya mbele peke yake kwa ghafla, baiskeli inaweza kumrusha juu ya usukani. Chora mstari ardhini kwa kijiti. Ajisukume, ateleze, kisha asimame kabla ya mstari. Rudieni mara ishirini. Fanyeni mchezo, mpigie makofi. Asipoweza kusimama kwenye mstari, pedali zisirudishwe.

Hatua ya tano: sasa rudisha pedali. Wewe tembea kando yake. Usishike usukani, maana utamnyang'anya uwezo wa kujisawazisha. Mshike mabegani au chini ya makwapa, na umwambie atazame mbele, asitazame miguu. Mwachilie kidogo kidogo. Wengine huweza siku moja, wengine wiki mbili. Usimcheke na usimpige kwa kuanguka. Mtoto anayeogopa kupigwa huficha maumivu, na maumivu yaliyofichwa huua.

Baiskeli yenyewe ikoje?

Kabla ya kila safari, kagua vitu vitano. Hewa: bonyeza tairi kwa kidole gumba, liwe gumu. Breki: sukuma baiskeli huku umezishika, isisogee. Mnyororo: usilegee. Usukani: bana gurudumu la mbele kati ya magoti, uzungushe usukani, usicheze. Kengele: ilie.

Ongeza jambo moja ambalo wengi hawalijui. Tazama ncha za usukani. Mara nyingi mpira wa kushikia umetoka na chuma kimebaki wazi. Mtoto akianguka, ncha hiyo humchoma tumboni. Ngozi yaweza kubaki na alama ndogo tu, kumbe ndani ini au bandama imepasuka. Kwa hivyo vika ncha mpira mpya, au funga kipande cha tairi kuukuu kwa waya, na ncha za waya zitazame nje ya mkono.

Kofia ngumu ya baiskeli nayo hulinda kichwa. Ukiweza kuipata, iketi sawasawa, vidole viwili juu ya nyusi, isisukumwe kisogoni. Mkanda ufungwe chini ya kidevu. Kofia yenye ufa, au iliyowahi kugonga chini kwa nguvu, haifai tena.

Mtoto aliyebebwa nyuma

Sasa tuzungumze juu ya kisigino. Muulize muuguzi yeyote wa karibu nawe kama amewahi kuona kisigino kilichokatwa na spoki. Mtoto anabebwa kwenye keria, amechoka, anasinzia, mguu unaning'inia. Gurudumu linauvuta ndani kati ya spoki na chuma. Mara moja ngozi ya kisigino imechunika, na pengine mfupa umevunjika.

Kinga yake ni rahisi. Mtoto ambaye hawezi kutanua miguu na kukaa macho safari nzima asiketi kwenye keria tupu. Mwambie fundi aweke mahali pa kukanyagia na kufunika spoki kila upande kwa bati laini lisilo na makali, au plastiki ngumu. Mtoto avae viatu, wala si ndala. Leso, sketi ndefu na kamba za mkoba zikunjwe na kufungwa mbali na mnyororo. Na mtoto mchanga mgongoni? Mama, ukiendesha na mtoto mgongoni, mkianguka kichwa chake hakina ngao. Shuka, usukume baiskeli, au mwache na mtu unayemwamini.

Barabarani

Kuendesha uwanjani na kuendesha barabarani ni mambo mawili. Mtoto wa chini ya miaka 10 bado hawezi kupima vizuri kasi ya gari linalokuja. Anaona lori liko mbali, kumbe limefika. Mtoto huyo asiende barabara kuu peke yake.

Mkubwa wake apite naye mara kadhaa, amfundishe haya. Tunaendesha upande wa kushoto, tukifuata mwendo wa magari, wala si kukutana nayo. Watoto wakiwa wengi, wafuatane mmoja nyuma ya mwingine, si bega kwa bega. Kabla ya kukata kona, tazama nyuma, kisha nyoosha mkono. Kabla ya kuingia barabara kubwa kutoka njia ya nyumbani, simama kabisa. Kuvuka barabara kuu, shuka na usukume. Usishikilie lori wala trekta la miwa likuvute. Hilo linaua vijana.

Tena angalia saa. Kwetu jua linatua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Mtoto mwenye sweta ya rangi ya giza wakati huo haonekani. Afike nyumbani kabla ya jua kuzama. Ikibidi achelewe, avae nguo nyeupe juu, na baiskeli iwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

Na wewe mzazi, yote haya uyafanye mbele yake. Ukimwambia ashuke kuvuka nawe huvuka ukikimbiza, atafuata macho yake, hatafuata masikio.

Akiumia, ufanye nini?

Kwa mkwaruzo mdogo, osha kwa maji safi mengi na sabuni hadi mchanga utoke, kisha funika kwa kitambaa safi. Usipake mafuta taa, dawa ya meno, majivu wala udongo. Jeraha lenye uchafu laweza kuleta pepopunda. Nenda zahanati na kile kitabu cha kliniki, muuguzi aangalie kama mtoto anahitaji sindano.

Damu ikitoka nyingi, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachilia, mkiwa njiani kwenda hospitali.

Mguu ukikwama kwenye spoki, usiuvute. Shikilia baiskeli isisogee, tulizeni mtoto, mtafute koleo mkate spoki. Spoki hununuliwa, mguu haununuliwi. Mpelekeni hospitali hata kama ngozi inaonekana nzima, kwa maana ngozi ya kisigino iliyobanwa yaweza kugeuka nyeusi na kuoza baada ya siku kadhaa.

Akigonga kichwa, mtazame kwa karibu siku nzima na usiku kucha. Mkimbize hospitali ukiona moja kati ya haya: alizirai hata kwa muda mfupi, anatapika tena na tena, analala na haamki vizuri, anatetemeka mwili mzima, maumivu ya kichwa yanazidi, anazungumza ovyo, au damu au maji yanatoka puani au sikioni.

Akigongwa tumbo na usukani, usiseme "ameshapoa, anacheza." Maumivu ya tumbo, kutapika, midomo kupauka, tumbo kuwa gumu au mkojo wenye damu ni hatari, hata yakitokea siku ya pili. Mwambie daktari wazi kwamba aligongwa na usukani. Usipolisema hilo, anaweza kutibiwa malaria huku damu inavuja ndani.

Ameanguka kwa nguvu, analalamika shingo au mgongo, au hawezi kusogeza miguu? Msimnyanyue kwa mikono na miguu. Mwacheni alivyo, mwite msaada, na mkilazimika kumhamisha, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja akiwa amenyooka juu ya ubao au mlango.

Tumalizie

Mama, Jumamosi hii usingoje fundi wa nchi nyingine. Toa baiskeli uani. Kagua hewa, breki, mnyororo, usukani na kengele. Funika ncha za usukani na spoki za nyuma. Kisha mpeleke mtoto uwanjani, uchore mstari ardhini, na umwambie, "Mwanangu, nionyeshe unavyosimama." Akikuonyesha mara ishirini bila kuupita mstari, umempa kinga atakayokwenda nayo kila njia.

Kwaherini kwa leo. Mungu akipenda, tutakutana tena katika mazungumzo yajayo.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi chenu

1. Je, katika kijiji chenu kuna uwanja salama ambapo watoto wanaweza kujifunza? Nani aombwe ruhusa?

2. Ni baiskeli ngapi za boma lenu zinazobeba watoto bila mahali pa kukanyagia? Fundi gani wa karibu anaweza kuzirekebisha?

3. Barabara ambayo watoto wenu huvuka kwenda shuleni ina mahali gani pa hatari? Mtu mzima yupi anaweza kusimama hapo asubuhi?

4. Taja dalili tatu za mtoto aliyeumia kichwa na dalili tatu za aliyegongwa tumbo, ambazo zinatuambia tusingoje hadi kesho.