Mbwa Anayevuta Macho ya Watu

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mbwa. Wala si kila mbwa, bali yule ambaye mwenyewe hawezi kupita naye njiani pasipo watu kusimama na kumtazama.

Mtu akiongoza mbuzi kutoka Kayanga kwenda Omurushaka siku ya soko, hapana amwulizaye neno, illa bei. Lakini sisi tunaye mbwa mweusi ambaye jicho lake la kulia ni la hudhurungi kama ya mbwa wengine, na la kushoto ni la buluu iliyopauka. Tukipita naye sokoni, twaulizwa tangu kibanda cha kwanza hata cha mwisho. Je, anaona? Amerogwa? Huyu ni mbwa, ama ni jini?

Jibu si gumu. Katika jicho, ule mviringo unaoizunguka mboni hutiwa rangi na kitu kilichomo mwilini, ndicho kile kile kitiacho weusi katika ngozi na nywele. Kikiwa kingi, jicho huwa jeusi au hudhurungi. Kikikosekana, jicho huonekana la buluu. Mbwa wetu alizaliwa hivyo, na anaona vema. Kule Siberia, katika nchi za theluji, wako mbwa wavutao magari yasiyo na magurudumu, na wengi wao wana macho ya namna hiyo. Lakini jicho lililokuwa safi, kisha likaingia ukungu, hilo ni ugonjwa. Mwite bwana mifugo.

Basi uchawi haupo. Hatari iko, nayo yatoka kwetu sisi watu. Mtu akitaka kuliona jicho lile, huinama, huuleta uso wake karibu na uso wa mbwa, akamkazia macho. Kwetu huko ni kutazama tu. Kwa mbwa ni kumchokoza. Mbwa asiyemjua mtu, akikaziwa macho, hudhani kwamba ametakiwa ugomvi.

Siku moja tulikuwa soko la Nkwenda, katika wilaya ya Kyerwa, iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Akaja mzee mmoja na mkongojo wake, akainama. Tuliona mbwa amekakamaa, amefunga kinywa, na weupe wa jicho umetokea. Tukaingia kati, tukamwambia, “Shikamoo, mzee. Tuwie radhi, usimtazame usoni.” Mzee akaudhika. “Marahaba. Lakini mwalimu, wamnyima mzee hata kumtazama mbwa?” Tukamjibu, “Hapana, mzee. Huyu ana desturi kama tuliyofundishwa sisi utotoni: mdogo na mkubwa hawakaziani macho.” Mzee akacheka sana, akasema, “Kumbe amelelewa!” Akasimama ubavuni, akamtazama kwa raha yake, akaenda zake.

Wasikilizaji, jambo hili latushinda wengi. Kumkatalia mzee au mgeni ni kazi ngumu. Twaogopa kuitwa wenye kiburi. Tena sifa ni tamu. Mwenye mbwa akisikia watu wakisema, “Mbwa huyu ni mzuri!”, hulegeza kamba ili wamwone vizuri zaidi. Hapo ndipo ajali huingia. Kukataa kwa maneno ya heshima si kiburi, bali ni kumlinda yule anayekataliwa.

Kwa hiyo yafaa mwenye mbwa wa namna hii ashike mambo machache. Kwanza, awe na ukanda wa shingoni ulio imara, na kamba fupi mkononi. Pili, watu wakikusanyika, asimame yeye kati ya mbwa na watu, wala asikubali mbwa azungukwe pande zote, maana mnyama asiyeona njia ya kutokea hujitetea kwa meno. Tatu, azijue dalili: mbwa akigeuza kichwa, akilamba midomo pasipo chakula, au akikakamaa, amechoka na watu, aondolewe. Wala mkia ukitikisika msidhani kila mara ni furaha. Nne, wako wanaoogopa mbwa, na wako Waislamu ambao mate ya mbwa ni najisi kwao. Hao wapishwe njia kabla hawajaomba.

Nanyi watoto, sikieni. Uso wa mtoto u sawa na kinywa cha mbwa, na kwa sababu hiyo watoto huumwa usoni na kichwani kuliko watu wazima. Ukitaka kumgusa mbwa wa mtu, mwombe mwenyewe kwanza. Akikubali, simama ubavuni, mwache mbwa akunuse, kisha mguse begani, wala usipeleke mkono juu ya kichwa chake. Mwenyewe akikataa, shukuru, upite.

Neno la mwisho ni kubwa kuliko yote. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ungalipo katika nchi yetu. Sumu yake hukaa katika mate, nayo huingia kwa jeraha la meno au la kucha, au mbwa akilamba kidonda. Dalili zikiisha kumtokea mtu, dawa ya kumponya karibu hakuna. Lakini kabla ya dalili, chanjo huokoa, kama ilivyojulikana tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa, huko Ufaransa, mwaka 1885. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Si kila zahanati ina chanjo hiyo. Ulizeni mapema ilipo. Mbwa naye, akiweza kushikwa salama, afungwe na kuangaliwa siku 10. Lakini mtu asingoje siku hizo ndipo atibiwe.

Na mbwa achanjwe kila mwaka. Mbwa atazamwaye na watu wengi ndiye aguswaye na mikono mingi. Basi mwenyewe ana deni kwa kila mkono. Watu wakimsifu mbwa wako kwa uzuri, ni vema. Nawe uwe na cheti cha chanjo yake nyumbani, na kamba yake mkononi.